Jeni Zinapovuka Ua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Machotara wa Spishi Mbili

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa nikifundisha bayolojia hapa Mombasa. Mengine yametoka kwa wanafunzi, mengine kwa majirani barazani baada ya swala ya Isha, na moja nimeulizwa na muuza ndimu huku akinipimia. Panapotugusa nimekaa, pasipotugusa nimepita.

Chotara ni nani hasa?

Neno hili tumelizoea kwa watu, kwa kuku na kwa mbegu za dukani, na kila mahali lina uzito wake. Hapa nalitumia kwa maana moja tu: mtoto ambaye mama yake ni wa spishi moja na baba yake ni wa spishi nyingine. Si tusi wala si sifa.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni baghala, ambaye wengine humwita nyumbu. Baba ni punda, mama ni farasi. Watu wa pwani wanamfahamu tangu zamani. Duldul, mnyama aliyepandwa na Mtume Muhammad, alikuwa baghala. Ana uvumilivu wa punda na kimo kinachomkaribia farasi. Ila kwa kawaida hazai.

Kwa nini baghala hazai?

Ni hesabu. Kromosomu ni nyuzi ndani ya chembe hai zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62. Mtoto hupata 32 kwa mama na 31 kwa baba, jumla 63. Kwa kazi za kila siku, kukuza misuli na kujenga mifupa, idadi hiyo haileti taabu. Taabu huja mwili unapotengeneza mayai au manii, kwani hapo kila kromosomu lazima ipate mwenziwe zijipange mbilimbili. Katika 63 moja hubaki peke yake, na hata zile zilizopata wenzi hazifanani vya kutosha. Kazi huharibika njiani.

Lakini usimfanye baghala kuwa kanuni ya viumbe wote. Kule Laikipia, punda milia wa Grevy, mwenye kromosomu 46, amezaliana na punda milia wa kawaida, mwenye 44, na watoto wao wamepata watoto. Hesabu zikitofautiana, mlango hauwi umefungwa moja kwa moja.

Mwalimu wangu alisema spishi mbili haziwezi kuzaliana. Alikosea?

Hakukosea, alikufundisha kanuni ya kuanzia. Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr aliieleza spishi kuwa ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na waliotengwa kiuzazi na makundi mengine. Maelezo hayo yamesaidia sana na mimi mwenyewe huyatumia darasani siku ya kwanza. Siku ya pili ndipo huwaambia wanafunzi watazame ua wa makuti. Ua huo unatenga nyumba na nyumba, kila mtu anajua kwake ni wapi. Lakini upepo unapita, harufu ya samaki wa kupaka inapita, na kifaranga akitaka kupita atapita. Mipaka ya spishi nyingi iko hivyo. Ipo kweli, nayo inavuja.

Kinachovuja ni jeni. Kwa muda mrefu watu wa wanyama walidhani mambo haya ni ya mimea tu, na kwamba chotara porini ni ajali isiyo na maana. Tangu ilipowezekana kusoma DNA yote ya kiumbe, makundi mengi yanayochunguzwa kwa makini yanaonyesha alama za wageni: vipepeo, nyani, samaki, mbu, na sisi.

Kama machotara wengi ni dhaifu au hawazai, jeni zinavukaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Kwanza, haihitajiki machotara wengi. Anatosha mmoja mwenye uzazi, mara moja baada ya vizazi vingi. Pili, mara nyingi udhaifu hauwaangukii wote sawa. Mwaka 1922 mwanabiolojia J.B.S. Haldane aligundua kwamba pale jinsia moja ya machotara inapokosekana au kuwa tasa, huwa ni ile yenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana. Kwa mamalia na mbu wa malaria, hiyo ni madume. Kwa ndege na vipepeo, ni majike. Basi katika mbu hao, dume chotara anaweza kuwa tasa huku dada yake akizaa bila taabu. Huyo dada ndiye daraja.

Dada huyo hatafuti chotara mwenzake, maana hawapo. Atapandwa na dume wa upande mmoja wa wazazi wake, na binti yake vivyo hivyo. Chukua bilauri ya sharubati ya ukwaju. Mwaga nusu, jaza maji. Mwaga tena nusu, jaza maji. Chotara wa kwanza ana asilimia 50 ya ugeni, mtoto wake 25, mjukuu 12.5. Ukifika kizazi cha 7 ugeni umeshuka chini ya asilimia 1, na ukimtazama mnyama kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Hapa ndipo watu wengi husimama wakidhani jambo limekwisha. Lakini jeni si maji ya ukwaju. Jeni ni kokwa ya ukwaju. Sharubati hupungua ukali, kokwa haipungui. Ama imeanguka katika bilauri yako ama haikuanguka, na ikianguka imeanguka nzima. Ikiwa kokwa hiyo moja inamsaidia mwenye kuwa nayo kuishi na kuzaa zaidi, baada ya muda utaikuta katika kila bilauri, ilhali ladha ya ule ukwaju wa kwanza imekwisha zamani. Jeni inaingia katika spishi ya pili na kukaa, na spishi yenyewe inabaki kuwa ileile. Wataalamu huita jambo hili kupenya kwa jeni.

Kwa nini jeni nyingine hupenya na nyingine hukataliwa?

Jeni hufanya kazi kwa kikundi. Jeni za spishi moja zimezoeana kwa maelfu ya vizazi, na ukimwingiza mgeni mmoja anaweza kuvuruga kazi ya wenzake, hata kama kwao alikuwa mfanyakazi hodari. Wageni wa namna hiyo uteuzi asilia huwaondoa, kizazi baada ya kizazi. Wasiodhuru hubaki kwa bahati. Wachache wenye faida ya papo kwa papo, kama kinga ya sumu au ya ugonjwa, huenea haraka.

Tuna shahidi wa karibu. Nyani unaowaona Diani na njiani Tsavo ni nyani wa manjano. Kaskazini na magharibi mwa nchi kuna spishi ya pili, nyani wa rangi ya zaituni. Amboseli ndipo wanapokutana, na watafiti wamekuwa wakiwafuata nyani wa huko mmoja mmoja tangu 1971. Kwa macho, machotara wa Amboseli wana afya, wanazaa, wanapata vyeo katika makundi yao. Ungesema ua umeanguka. Lakini uchunguzi wa DNA uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba vipande vya ugeni vimepungua hasa karibu na jeni zenye kazi nyeti. Uteuzi unafagia polepole, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuiona katika maisha yake. Napenda utafiti huo kwa sababu unatukumbusha kwamba kumwona mnyama yuko sawa si ushahidi kwamba jeni zake zote zimepatana.

Ni kweli limau na chungwa ni machotara?

Ni kweli, na ushahidi umepangwa mafungu mafungu pale Marikiti. Nenda asubuhi upande wa matunda. Utakuta chungwa, chenza, limau, ndimu, balungi, na msimu ukiwa mzuri danzi la kutilia achari. Tunadhani ni ndugu sita walio sawa. Sivyo. Utafiti mkubwa wa 2018 uliosoma jenomu, yaani DNA yote, za jamii hii ulionyesha kwamba matunda mengi tunayoyajua yametokana na mababu wachache tu wa Asia: chenza la kale, furungu lile kubwa lenye ganda nene, sitroni ambayo karibu yote ni ganda, na ndugu wachache wa porini.

Danzi ni mtoto wa furungu na chenza. Chungwa tamu limetokana na hao hao wawili, lakini kwa kurudiana zaidi ya mara moja. Limau lina danzi upande wa mama na sitroni upande wa baba. Ndimu nayo baba yake ni sitroni, ila mama yake ni mchungwa wa porini wa visiwa vya Ufilipino. Balungi ndilo changa kuliko yote: furungu lilikutana na chungwa katika visiwa vya Karibi karne ya 18, upande wa pili wa dunia kutoka Asia walikotoka wazazi wake.

Ukitaka kuona kwa mkono wako, nunua danzi na chungwa, ukate katikati. Ganda la danzi ni nene na lina vinundu, katikati pana uwazi, mbegu tele, na ukilamba uso unajikunja. Chungwa limejaa, limebana. Jeni za wazee wale wale wawili, zikichanganywa kwa namna mbili, zimetoa kimoja cha kunywa na kimoja cha kutia chumvi na pilipili.

Muuza ndimu wangu aliuliza: ikiwa ni machotara, mbona kila mti unatoa ndimu ile ile? Swali zuri mno. Mbegu nyingi za jamii hii hubeba kiinitete kilichotokana na mwili wa mama peke yake, bila mchango wa chavua. Mche unaoota ni nakala ya mama. Ndiyo maana mchanganyiko uliotokea mara moja, zamani, umehifadhiwa mpaka leo. Miti mingine huhifadhiwa kwa mkono wa mtu, kwa kupandikiza.

Na ndizi?

Mkono wa tembo ni chotara pia. Ana seti 3 za kromosomu, kila seti 11, jumla 33: seti mbili kutoka mgomba mmoja wa porini wa Asia na moja kutoka mgomba mwingine. Tatu hazigawanyiki kwa mbili, basi hana mbegu, naye huenezwa kwa machipukizi. Utasa uliomkwamisha baghala ndio unaotupa ndizi isiyo na mbegu za kuvunja meno.

Mahindi chotara na kuku chotara ndio hao hao?

Hapana. Mahindi chotara ya dukani ni mtoto wa mistari miwili ya mahindi, spishi moja. Kuku chotara ni kuku kwa kuku. Hakuna ua wa spishi uliovukwa. Ukipanda tena mbegu za mavuno yako, mazao hushuka kwa sababu mchanganyiko ule mzuri hugawanyika upya, si kwa sababu mmea ni tasa.

Je, hii ni sawa na GMO?

Si sawa. GMO ni kiumbe aliyehamishiwa jeni maabara. Hapa tunazungumzia kujamiiana na chavua. Lakini wanaodai kwamba jeni haivuki spishi ila kwa mkono wa mtu wanakosea. Nyani wa Amboseli tuliowataja hupeana jeni bila kuomba ruhusa.

Minazi yetu je?

Huu si uchotara wa spishi, maana mnazi ni spishi moja duniani kote, lakini siwezi kuupita. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba minazi ya dunia ina makundi makuu mawili ya kijenetiki, la Bahari ya Hindi na la Bahari ya Pasifiki, ambayo kila moja lilianza kulimwa mahali pake. Makundi hayo yamechanganyika kwa namna ya pekee upande wetu huu: Madagascar, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mabaharia wa Kiaustronesia kutoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, wale wale walioipa Madagascar lugha yake, walivuka na nazi za kwao. Kwa hiyo tui la wali wako huenda limebeba kumbukumbu ya majahazi ambayo hakuna aliyeandika habari zake.

Ng'ombe wa nundu ni wa asili ya Afrika?

Nundu asili yake ni Asia ya Kusini. Ng'ombe wa kale wa Afrika hawakuwa nayo. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama pekee, na kwa ng'ombe wa nundu wa Afrika ni ya ng'ombe wasio na nundu. Maana yake ni kwamba walioletwa walikuwa hasa mafahali, wakapanda majike ya hapa. Utafiti wa 2020 ulikadiria kwamba mchanganyiko ulienea miaka 750 hadi 1,050 iliyopita. Nundu ilikuja na uwezo wa kustahimili joto na ukame. Damu ya mama ilibaki na uzoefu wa magonjwa ya bara hili. Wafugaji wa Kiafrika wamekuwa wakiendesha jambo hili kwa akili kwa karne nyingi, na wanastahili sifa kuliko wanayopewa.

Kwa nini unarudia rudia mbu?

Kwa sababu mbu ndiye anayetuua.

Mbu wa malaria tuliyezoea kumwita Anopheles gambiae kwa kweli ni kundi la spishi ambazo huwezi kuzitofautisha kwa macho, hata kwa darubini. Huku pwani tuna gambiae mwenyewe, tuna arabiensis anayependa pia ng'ombe, na tuna merus anayezaliana katika maji ya chumvichumvi karibu na mikoko. Wakipandana kwa bahati, dume chotara huwa tasa, jike huzaa. Yule dada daraja tuliyemtaja, huyu hapa.

Mwaka 2015 jenomu za kundi hili zilipolinganishwa, ilionekana jeni zimevuka kwa wingi kati ya arabiensis na ukoo wa gambiae, kiasi kwamba sehemu kubwa ya jenomu inatoa historia isiyo ya kweli ya ukoo wao. Kromosomu X pekee ndiyo iliyohifadhi vizuri kumbukumbu ya nani alitengana na nani kwanza.

Sasa njoo kwenye chandarua. Dawa iliyotiwa katika vyandarua vyetu ni ya jamii ya pairethroidi, iliyoigwa kutoka ua la pareto, zao ambalo Kenya imelilima kwa miongo mingi. Dawa hiyo hushika mlango mmoja katika neva ya mbu na kuuacha wazi. Mbu hupooza na kuanguka. Badiliko dogo katika jeni ya mlango huo hufanya dawa isishike vizuri. Mali, Afrika Magharibi, badiliko hilo lilikuwa kwa gambiae. Ndugu yake coluzzii hakuwa nalo. Vyandarua vikaenea. Karibu na 2006 machotara wakapenyeza kipande hicho cha kromosomu kwa coluzzii, na kwa miaka michache tu kikaenea, kwa kuwa kila usiku chandarua kiliua wasio nacho na kuwaacha wenye nacho. Spishi ya pili haikusubiri badiliko lake yenyewe, iliazima lililokwisha tengenezwa.

Hili linabadilisha namna ya kupanga vita. Ukihesabu spishi moja tu unajidanganya, kwani kinga ikizuka kwa mmoja, ndugu zake wote wamo hatarini kuipata. Ndiyo sababu sasa kuna vyandarua vyenye dawa mbili, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa nguvu vile vyenye pairethroidi pamoja na klorfenapiri. Haya yote hayana maana uache kulala ndani ya chandarua. Hata mbu sugu bado anazuiwa na matundu madogo ya kitambaa.

Nimesikia kuna utafiti maarufu wa mbu wa Rabai. Ni upi?

Rabai iko nyuma tu ya Mombasa, na wanafunzi wangu hushangaa kusikia kwamba jina lake linajulikana kwa wataalamu wa mbu duniani kote. Huyu si mbu wa malaria bali Aedes aegypti, mwenye miguu ya mabaka meupe, anayeuma mchana na kuleta dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyaona.

Miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba Rabai ina mbu wa aina mbili wa spishi hiyo, wakiishi mita mia chache tu kati yao. Mmoja, wa rangi hafifu, aliishi nyumbani, akataga katika mitungi ya maji ya kunywa na kuuma watu. Wa pili, mweusi zaidi, aliishi vichakani, akataga katika mashimo ya miti na kupendelea wanyama. Ukiwafungia pamoja wanazaliana bila shida. Kilichowatenga ni pua na mahali pa kutaga.

Mwaka 2014 timu nyingine ilichukua mbu wa Rabai wa pande zote mbili, ikawazalisha machotara maabara hadi wajukuu, kisha ikawapa uchaguzi: harufu ya mtu au ya simbilisi (guinea pig). Waliomfuata mtu walielekea kuwa na aina fulani ya kipokezi cha harufu, chenye kunasa vizuri salkatoni, kemikali iliyo nyingi katika harufu ya ngozi ya binadamu. Angalia uzuri wa njia hiyo. Machotara ndio waliofumua fundo, kwani kwao peke yao jeni za kupenda mtu zilitengana na jeni za rangi na za mengineyo. Bila wao tungebaki kusema mbu wa nyumbani wako hivyo tu.

Waswahili husema mwana wa nyoka ni nyoka. Basi chotara hawezi kuwa spishi mpya?

Mara chache huwa. Njia ya kwanza ni ya mimea: kromosomu hujirudufu, kila moja ikapata mwenziwe, na mmea ulio tasa ukapata uzazi. Ngano ya mahamri yako ilizaliwa hivyo. Nyasi mbili za porini zenye kromosomu 14 kila moja zilitoa ngano ya 28. Kisha, miaka 10,000 hivi iliyopita, ikaongezeka nyasi ya tatu na kuwa 42.

Njia ya pili ni ya wanyama. Mwaka 1981 finchi dume mgeni, ndege kama shomoro mwenye mdomo mnene, alitua kisiwa cha Daphne Major katika visiwa vya Galápagos, Bahari ya Pasifiki, akapandana na majike wa spishi ya hapo. Wajukuu wake walikuwa na mdomo na wimbo wao wenyewe, wakaanza kuoana wao kwa wao. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant waliwafuata kizazi kwa kizazi.

Na kubwa kuliko zote liko nyumbani, Ziwa Victoria. Ziwa lilikauka, likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita, na humo wakatokea zaidi ya spishi 500 za samaki waitwao furu. Badiliko moja moja lisingetosha kwa muda huo. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba babu zao walikuwa machotara wa koo mbili za mito, moja ya upande wa Kongo na moja ya upande wa Nile, zilizokuja na jeni tofauti za macho. Moja huona vizuri wekundu, nyingine buluu. Na katika ziwa mwanga hubadilika rangi kadiri unavyozama. Mtaji ulikwishakuwapo tangu siku ya kwanza.

Je, uchotara unaweza kuangamiza spishi?

Ndiyo, na hapa sina raha. Katika Ziwa hilo hilo, tilapia wa Nile aliletwa miaka ya 1950. Ngege, tilapia wa asili wa ziwa hilo, alibanwa kwa chakula, aliliwa na mbuta (sangara), na pia alizaliana na mgeni hadi akapotea karibu kabisa katika ziwa kuu. Anayebaki huenda ana jina la ngege na jeni za mgeni. Mto Sabaki na vijito vyetu vina tilapia wake wa asili. Ukifuga samaki bwawani, tafadhali usiwaachie mtoni, hata wale wawili watatu waliobaki.

Paka mwitu wa Afrika, babu wa paka wote tunaowakanyaga Mji wa Kale, yumo katika hatari hiyo hiyo. Paka wa nyumbani ni wengi, yeye ni mmoja mmoja. Scotland wamebaki na paka mwitu wachache mno wasio na damu ya paka wa nyumbani.

Binadamu nao wana jeni za spishi nyingine?

Mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba watu wenye asili ya nje ya Afrika wana DNA kutoka kwa Neandertali, binadamu wa kale waliokwisha toweka; leo inakadiriwa kuwa takriban asilimia 1 hadi 2. Svante Pääbo alipewa Tuzo ya Nobel 2022 kwa kazi hiyo. Waafrika wana kiasi kidogo mno, kilichorudi na watu waliorejea barani. Watibeti wana jeni ya kustahimili hewa nyembamba ya milimani, waliyoipata kwa Wadenisova, binadamu wengine wa kale waliotoweka.

Baada ya hapo huulizwa: na sisi Waswahili? Hapo nasema kwa sauti: hilo ni jambo jingine kabisa. Watu wote walio hai ni spishi moja. Utafiti wa 2023 ulisoma DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani, Mtwapa ikiwamo, na ukaona kuwa tangu karibu mwaka 1000 asili ya Kiafrika, hasa upande wa mama, ilichanganyika na ya Asia, hasa Uajemi, upande wa baba. Hiyo ni ndoa za watu, na haina uhusiano wowote na baghala.

Kuna anayesema amemwona mtoto wa paka na sungura.

Hayupo. Wametengana kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Machotara wa kuku na kanga hutokea mara chache, wa bata wa kawaida na bata wa Muscovy, yule mwenye uso mwekundu, hutokea zaidi, na watoto wao ni tasa.

Wanasayansi wanajuaje kwamba jeni ilivuka, na si urithi wa babu mmoja wa zamani?

Kwa urefu wa vipande. Kila kizazi kromosomu za wazazi hukatwa na kuungwa upya, kwa hiyo kipande cha mgeni aliyeingia jana ni kirefu, na cha aliyeingia zamani kimekatwakatwa kuwa vijipande. Urithi wa babu wa kale kabisa hauwezi kuwa kipande kirefu kisichoguswa. Pia hulinganisha ndugu wawili wa karibu na jirani wa mbali zaidi: kama hakuna aliyevuka ua, ndugu hao wanapaswa kufanana na jirani kwa kiasi sawa. Mmoja akimfanana zaidi, kuna lililopita.

Naishi Rabai na tuna mitungi ya maji. Nifanye nini?

Funika kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kwa uzi shingoni. Mwaga maji na ujaze upya kila wiki, maana yai hufikia mbu kamili kwa siku saba hadi kumi hivi kwenye joto letu. Usiishie kumwaga tu: sugua ukuta wa ndani kwa brashi, hasa pale maji yanapoishia, kwani mayai hugandishwa hapo na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa siku utakapojaza maji tena.